Simu ya Verlon Wiki ya Sikukuu

Kila wiki ya Sikukuu ya Uhuru, Verlon Stucky hupiga simu redioni, hapo Toledo, kuteta juu ya besiboli. Mwaka huu, wa kwanza tangu mkewe Wanda afariki, aliingoja siku hiyo ya kupiga simu kwa hamu, maana tangu Jumapili hakuwa amesemezana na mtu.

Alipiga mara tisa. Simu iliita tu, ingawa mtangazaji alisikika akitaniana na wasikilizaji.

"Haya, tunaye Verlon! Leo unamlaumu nani, mzee?"

Verlon akaikaza simu sikioni. "Namlaumu kocha..."

"Kocha yule hafai kufundisha hata kuku!" redio ilidakia, kwa sauti ya Verlon mwenyewe.

Hapo akaelewa. Watangazaji wamekwenda mapumzikoni, na hiki ni kipindi cha mwaka jana.

Alinyoosha mkono aizime. Ndipo mwanamke akapaza sauti kwa mbali, nyuma ya ile sauti ya Verlon, humo humo redioni: "Muulize jana nani aliangusha mpira mbele ya kanisa zima!"

Mtangazaji akaangua kicheko. Verlon akaweka simu chini, akavuta kiti karibu na redio.

"Jua lilinipiga machoni, Wanda," alisema.