Ufunguzi wa Swabir

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mzee Matano, kinyozi wa Ukunda, huku mashine ikinguruma juu ya kichwa cha Samuel. Kibandani pake ndipo wacheza sataranji wa pwani ya kusini hukutana. "Umekuja kututazama?"

"Nimekuja kucheza na Swabir," alisema Kahaso.

Swabir, mtembeza watalii wa Diani, akacheka. Mwaka jana alikuwa akienda Kinondo, kibarazani kwa kina Kahaso, kula mihogo na kujifunza. Huko ndiko Kahaso alikomwonyesha ufunguzi alioubuni mwenyewe: unamtoa chambo askari wa pembeni, na mpinzani akimla kwa uroho, farasi wako anamrukia malkia wake. Swabir akaubeba hadi kibandani, akamshinda nao Samuel mbele ya watu. Na sheria ya kibanda ni hii: ufunguzi mpya hupewa jina na aliyeumizwa nao. Samuel, bila kujua, akasema, "Huu ni Swabir." Kahaso alipolalamika, aliambiwa ana kijicho.

"Nikuachie kete nyeupe, dada?"

"Chukua wewe. Cheza ule wako."

"Wangu upi?"

"Kwani unao mwingine?"

Watu wakaangua kicheko. Swabir, uso umemshuka, akamsukuma askari wa pembeni.

Kahaso hakumla. Aliyeiba chungu hajui ufa ulipo. Ufa huo aliugundua baada ya kuibiwa, akaufuga kimya kama nyoka. Akampandisha askari wa katikati. Farasi wa Swabir akakosa pa kutua, mfalme akabaki uchi, malkia wa Kahaso akaingia bila hodi.

"Umekwisha, kaka."

Mzee Matano akazima mashine. "Swabir, sheria unaijua. Taja jina la kipigo hiki."

Swabir akafuta jasho. "Kiitwe Kahaso. Na... na ule ufunguzi pia. Tangu mwanzo ulikuwa wake."

Maneno hayo Kahaso aliyalilia mwaka mzima. Sasa aliyasikia, akayaonja, akayatema.

"La, mzee. Kipigo ni changu, nakichukua. Ufunguzi uachieni jina la Swabir." Akamlaza mfalme wa Swabir ubavu kwa kidole kimoja. "Dawa yake mmeiona nyote. Kuanzia leo, kila atakayeangushwa kijinga, mwambieni amecheza Swabir."

Samuel, kichwa nusu kimenyolewa, ndiye aliyeanza kucheka.