Jina Kifuani

Fundi wa kuchomelea alishuka melini akiwa hoi bin taabani. Tangu helikopta ianguke na wote waliokuwamo wafe, ndege zilizuiwa, na kule kwenye mtambo wa mafuta baharini wakubwa wakafunga simu zote. Eti utaratibu! Wafanyakazi wakarudishwa kwa meli, wakitapika njia nzima, hata kupeana pole hawakuwa na nguvu.

Aliyekufa kwenye kiti chake cha helikopta alikuwa mpishi, rafiki yake wa chumba kimoja. Zamu ya mpishi kuondoka ilikuwa jioni, lakini mwanawe alikuwa ameanza kutembea. "Sitaki nihadithiwe, bwana. Nipe kiti chako cha asubuhi," akaomba. Kubadilishana kulikatazwa, na nani hakuwa akibadilishana? Unampa mwenzio suti yako ya kujiokolea, basi, maana anayepakia watu husoma jina la kifuani tu, sura haimhusu.

"Suti yenyewe inanuka jasho lako," mpishi alitania akivuta zipu. "Nikifika naifua."

Baada ya ajali fundi alimweleza msimamizi wa mtambo kila kitu. Msimamizi, macho mekundu, akasema atawaarifu wa nchi kavu. Fundi akashukuru kimoyomoyo. Aliona haya, lakini ndivyo: alitaka mtu mwingine akamwambie mke wa mpishi. Yeye asingeweza.

Alipokaribia kwake aliona viti vimejaa uani. Kilio kilitoka ndani, na sauti ilikuwa ya mkewe.

Loo! Kumbe yule msimamizi hakuarifu mtu.

Mkewe alikuwa kwenye mkeka, na nyuma yake, amemkumbatia, upawa wa uji mkononi, alikuwa mke wa mpishi. Ndiye aliyekuwa amewaogesha watoto na kuwapikia waombolezaji. "Lia, dada, lia," alikuwa akisema. "Usijizuie. Mimi nipo."

Mtu mlangoni akapiga ukelele. Mkewe akainua uso, akamwona, akamrukia. Akampiga kifuani, akacheka, akalia, akampiga tena. "Uko hai! Wameniliza bure, wewe uko hai!" Fundi akamshika, lakini furaha haikuja. Alichoka mpaka roho.

Mke wa mpishi alikuwa akiruka papo hapo kama msichana. "Shemeji! Mungu mkubwa!" Akampita mbio mpaka mlangoni, akachungulia njia, huku na huku.

"Na huyo mwenzio yuko wapi? Watu wa ofisini walinipigia kwamba yumo kwenye meli na nyinyi. Au kapitia dukani? Namjua, hawezi kuja mikono mitupu. Uji wake nimeuweka pembeni."

Fundi alifungua kinywa. Alitazama kama kuna mtu mzima zaidi yake wa kulisema lile neno, hakumwona.

"Shemeji," akasema, "aliniomba kiti. Alitaka kumwona mtoto akitembea. Nikampa na suti yangu."

Mke wa mpishi akabaki akimtazama, tabasamu bado halijamtoka. Uani watu walikuwa wakishangilia.

Mkewe fundi ndiye aliyeelewa kwanza. Alimwachia mumewe, akaenda kuuchukua ule upawa taratibu, akamshika mwenziwe mabega na kumkalisha mkekani, palepale alipokuwa amekaa yeye. Bado pana joto.