Bastola ya Velda Stroud

Sisi madalali wa nyumba wa Enid, Oklahoma, tunalipwa kwa kuingia kwenye nyumba tupu na watu tusiowajua, tena kwa tabasamu. Velda Stroud aliianza kazi hiyo mimi bado sijaolewa, na sikuwahi kumsikia akilalamika mpaka siku ya ile nyumba ya mashambani, kaskazini mwa mji. Mteja mmoja, mwanamume nadhifu mwenye maneno matamu, aliingia sebuleni, akaufunga mlango, akauegemea. Hakumgusa wala hakumtukana. Alisimama tu pale akimwuliza kama ana mume, na kama majirani wako mbali. Velda akamwomba ampishe, yule akacheka. Gari la posta lilipoingia uani ndipo alipomfungulia, akamshukuru kwa muda wake. Polisi wakasema kuegemea mlango si kosa la jinai.

"Nataka bastola, Marva," aliniambia kesho yake ofisini. "Ya kubeba kila siku, iliyofichika. Sitaki kumwonyesha mtu."

Nilidhani hapa kwetu hakuna jambo jepesi kama hilo. Kumbe nilikuwa najidanganya.

Alianza kwa kumwambia kaka yake. Garland alistaafu kwenye visima vya mafuta, ana kabati la chuma lililojaa bunduki, lakini maoni anayo mengi kuliko bunduki. Tukaenda dukani watatu. Muuzaji, jitu la makamo lenye ndevu za rangi ya mahindi, akampita Velda kwa macho na kumwuliza Garland, "Mama angependa rangi gani? Tunayo ya zambarau."

"Mama ana masikio," Velda akasema. "Na mdomo pia anao."

"Dada, mwache mtu afanye kazi yake," Garland akadakia, kisha akamgeukia muuzaji. "Mpe rivolva ile fupi. Haina mambo mengi. Mwanamke anaielewa."

Rivolva ile, bastola yenye silinda ya kuzunguka, ilikuwa nyepesi kama kopo tupu, nami niliipenda kwa sababu iliingia hata kwenye mfuko wa koti. Velda akaichukua. Kwenye uwanja wa shabaha tukaelewa wepesi wake una maana gani: kila risasi ilimpiga kiganja kama nyundo, na kile kifyatulio kilikuwa kigumu mpaka mkono mzima ukawa unatetemeka kabla mlio haujatoka. Vidole vya Velda vina baridi yabisi. Alipiga dari, akapiga udongo. Karatasi ya shabaha yenyewe iliendelea kuning'inia bila tundu.

"Usifumbe macho!" Garland akapiga kelele.

"Sifumbi! Ninalia!"

Tukarudi dukani kubadilisha. Safari hii Garland akataka bastola bapa, inayojificha vizuri kiunoni. Kasoro yake ni kwamba chuma chake cha juu lazima ukivute nyuma kwa nguvu ili kuikoki, na kadiri bastola inavyokuwa ndogo ndivyo springi yake inavyokuwa kali. Velda alivuta mpaka miwani ikamteleza puani. Chuma hakikusogea.

"Vuta, Velda! Nini hicho, unabembeleza paka?"

"Vuta wewe, na uje nami kazini uwe unanivutia!"

Watu wawili waliokuwa wakitazama visu wakacheka. Velda akaiweka bastola mezani taratibu, akatoka nje, akakaa garini. Nilimkuta amekunja ngumi mapajani. "Kila mtu anajua ninachohitaji," akasema. "Mimi tu ndiye sijui."

Mwishowe akanunua kubwa kidogo, aliyoweza kuikoki. Ikagoma kufichika. Nguo zetu za kazi ni nyepesi. Bastola ilimtokeza ubavuni kama uvimbe, na suruali ikawa inateremka upande mmoja. Akaihamishia kwenye mkoba. Nilimwambia haifai, akanijibu amechoka kuambiwa. Wiki hiyohiyo tulikuwa tukionyesha nyumba pamoja. Velda akauweka mkoba juu ya kaunta ya jikoni ili afungue dirisha lililokwama. Aligeuka akamkuta mama mkwe wa mteja ameuinua kwa mkono mmoja, anaupimapima.

"Jamani, mwanangu, umebeba matofali?"

Velda aliupokea mkoba akicheka, lakini midomo yake ilikuwa myeupe. Wateja walipoondoka alitapika kwenye sinki ya watu.

Ndipo nilipompeleka kwa Opal Hargis, mama mmoja aliyewahi kuwa askari magereza, sasa anafundisha wanawake kulenga. Garland hatukumwambia. Opal hakuuliza rangi. Aliomba kuiona mikono ya Velda, akaibinya kidole kimoja kimoja.

"Shoga, hapa pana shida kweli," akasema. "Wala si uzembe, usikubali wakuambie ni uzembe. Usivute kwa vidole. Kikamate chuma chote kwa kiganja, ukishikilie hapohapo, halafu mkono wa pili uisukume bastola mbele. Mdomo wake uelekee kule kwenye shabaha."

Akampa bastola ya risasi ndogo, yenye springi laini. Ikakokika. Velda akanigeukia akiwa ameachama, kisha akafyatua, na karatasi ikatoboka mahali pa maana. Akarudia. Kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka kwa dhati tangu mambo haya yaanze. Opal akamfunga mkanda mgumu na mfuko wa bastola unaoficha kifyatulio, akamwambia anunue blauzi pana na aache kujisumbua na kioo.

"Hiyo ni ya kuulia panya," Garland alisema alipoiona.

"Basi kaa mbali na jibini," Velda akamjibu. Hawakuzungumza mwezi mzima.

Ningependa kusema mambo yakaishia hapo. Siku moja Velda alikuwa na mume na mke kutoka Ponca City, watu wapole, walikuwa wamebakiza kusema ndiyo tu. Chumbani, yule mume akatia mkono haraka ndani ya koti. Mkono wa Velda ukaenda chini ya blauzi kabla hajawaza. Yule bwana akatoa futi ya kupimia dirisha. Bastola haikutoka, lakini mke aliuona ule mkono, akaelewa. Akamshika mumewe kiwiko. Wakaondoka bila kuaga, wakanunua kwa dalali mwingine.

Velda alikuja ofisini akatupa funguo mezani. "Nilichagua springi, nikachagua mkanda, nikachagua blauzi! Nilisikiliza kila mjinga wa wilaya hii! Na sasa nimemtisha mtu mwenye futi!"

"Iache nyumbani, basi."

"Na yule wa mlangoni akirudi?"

Nikamwambia kuanzia sasa hakuna anayekwenda peke yake; wateja wangu na wake tutawapokea pamoja, na faida tutagawana. Alikubali kwa kununa. Bado anaibeba kila asubuhi, na kila asubuhi, nikiwa naendesha, anauvutavuta ule mkanda na kulaani kwamba unamchubua nyonga.