Mkwe Aliyefungua Boneti

Mzee alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, na baada ya kustaafu alibaki na vipenzi viwili: mwanawe wa pekee na gari lake. Mwana hakumpa taabu. Gari ndilo lililomtia aibu. Lilitoa moshi wa bluu, lilivuja oili, na majirani walishalibatiza Jiko. Fundi alimwambia ringi za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe yote. Mzee akakata shauri liuzwe kama chuma chakavu.

Siku ya kuletewa mchumba wa mwanawe, aliwafuata kituoni na Jiko hilo hilo. Binti aliketi nyuma na gauni lake la maua, kimya. Mzee akawaza: huyu ama ana haya, ama moshi umemkaba.

Walipofika uani, mama wa kijana akatoka kuwapokea. Binti akamwamkia kwa adabu, kisha akamgeukia mzee.

"Baba, usilizime kwanza. Naomba nilisikilize."

Kijana akakuna kichwa. "Baba, nilisahau kukwambia. Mwenzangu ni fundi magari."

"Ulisahau au uliogopa?"

"Vyote viwili."

Binti alikuwa keshainua boneti. Injini ikiunguruma, akafungua kifuniko cha oili na kulaza karatasi laini juu ya tundu. Karatasi ikaruka, ikatua begani kwa mzee.

"Ilitakiwa ivutwe chini," alisema. "Injini haina pa kupumulia, kwa hiyo oili inajitafutia njia. Huenda ringi nazo zimechoka, sijui. Tuanze na kilicho rahisi."

Akaizima, akachomoa valvu ya kupumulia, kidude kisichozidi kidole gumba, akaitikisa karibu na sikio la mzee.

"Unasikia nini, baba?"

"Sisikii kitu."

"Ndio ugonjwa wenyewe. Ikiwa nzima hucheza ndani, inagonga. Hii imeganda kwa uchafu."

Mama alikumbusha kwamba chakula kinapoa, lakini alikuwa anaongea na ukuta. Mkwe na mzee walishika njia kwenda duka la spea, yeye na gauni lake, mzee na koti lake la heshima. Huko mzee alitikisa valvu moja baada ya nyingine sikioni, mpaka muuzaji akamtazama kwa huruma.

Walipofunga mpya, karatasi ilinata juu ya tundu. Mzee akaibandua, akairudisha, ikanata tena. Moshi haukukoma papo hapo. Binti alieleza kwamba oili iliyobaki kwenye bomba lazima iungue kwanza. Wakazunguka mtaa polepole, wote wanne, mama akinung'unika kwenye kiti cha mbele. Moshi ukawa mwembamba, halafu haukuonekana.

Chakula walikila kimepoa. Mzee akamtazama mwanawe.

"Harusi mnangoja nini?"

"Jana ulisema tusiwaharakishe," mama akasema.

"Jana nilikuwa simjui."

Binti akacheka, tonge mdomoni, haya zote zimemtoka.