Mzee Kinyozi na Kamera ya Jikoni

Kamera? Aa, haikuwa ya wezi. Mwizi aingie pale aibe nini, kiti cha kunyolea kilichochanika? Ile kamera Mzee Kinyozi alifungiwa na wanawe wawili, baada ya mama yao kufariki, ili wamwone asiwe peke yake. Kijidude cheupe tu, wakakibandika juu ya kabati la vyombo. Mkubwa, ambaye watu humwita Mhasibu, kwa kazi yake na kwa mkono wake wa birika pia, akamwambia, "Baba, hii inaona na kusikia. Mimi nikifungua simu tu, nakuona."

Mzee hakuipenda. Nani anapenda kula huku anatazamwa? Mwanzoni binti yake, yule nesi, alisema kutoka humo ndani, "Baba, umemeza dawa?" Mzee akaruka, chai ikamwagikia mapajani.

"We mtoto! Piga hodi kwanza!"

Wakacheka, huko na huku.

Baadaye ile sauti ikakatika, ikawa kimya. Mzee hakuona ajabu, na hapa mwelewe vizuri. Mtu aliyenyoa vichwa maisha yake yote amezoea kuongea na kisogo. Mteja kainama, wembe uko shingoni, atajibu nini? Unaongea wewe, yeye anasikia, basi. Kwa hiyo mzee akawa anaongea na kamera kama anavyoongea na mteja. Asubuhi anaisalimia, "Haya, wanangu, mmeamkaje?" Anaipa habari za mtaa, nani kaoa, nani kahama bila kuaga. Anawasema kwa simu waliyomnunulia: "Hii simu yenu kila nikiizoea inabadilika sura. Jana pa kupokelea palikuwa huku, leo kule. Ile yangu ya vibonyezo ilikuwa na adabu, ilikaa ulivyoiacha." Anacheka mwenyewe. Kitaa cha kijani cha kamera kinawaka, naye anajua yuko na watu.

Basi macho yakaanza kumchezea. Siku moja alisahau sufuria motoni, moshi ukajaa nyumba nzima, mpaka jirani akaja kugonga dirisha. Hapo mzee akaogopa kweli. Kesho yake akanyoa ndevu, akavaa shati la pasi, akavuta kiti mbele ya kamera, akasema polepole kama mtu anayeomba kazi: "Wanangu, peke yangu hapa siwezi tena. Naomba nije kwa mmoja wenu. Hata kichumba cha uani kinanitosha. Sitasumbua mtu."

Akasubiri. Mhasibu akapiga simu kama kawaida yake: "Baba, mzima? Haya, tutaongea." Neno lile hakuligusa. Binti naye akapiga, akauliza dawa, akakata. Mzee akaona basi, amekataliwa, tena kistaarabu, bila kutukanwa. Kuwauliza mara ya pili kwenye simu? Hapana, huko ni kuwakaba koo watoto. Akameza. Ila salamu za asubuhi hakuacha, maana mtoto hata akikukataa bado ni wako.

Sasa Jumapili moja wakaja wote wawili. Binti akaingia jikoni kupika. Mhasibu kabeba boksi, anatabasamu kama bwana harusi.

"Baba, nimekuletea kamera mpya. Hii inazunguka yenyewe, na inajua huyu mtu, huyu paka."

"Ya zamani ina nini?" binti akauliza, anakata vitunguu.

"Ile imepitwa na wakati. Tena nilipobadilisha simu, ile programu yake sikuiweka tena. Inaomba nywila, nani anaikumbuka? Si wewe ulikuwa unamwangalia?"

"Mimi? Ilikuwa inalia kila paka akipita! Niko wodini na sindano mkononi, simu inalia. Nikaizima hiyo programu. Nilijua unaangalia wewe."

"Wewe ndiye nesi!"

"Na wewe ndiye uliyeinunua!"

Mzee alikuwa mlangoni. "Mmeacha kuangalia tangu lini?"

Wakatazamana. "Siku nyingi kidogo, Baba," binti akasema.

Mzee akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta, na Mhasibu akakasirika, akidhani anachekwa yeye na boksi lake. Kumbe mzee anacheka kwa raha. Hawakusikia! Siku zote zile alizokuwa anajiona mzigo uliotemwa, hakuna aliyemkataa, hakuna hata aliyemsikia. Moyo ukamwenda mbio kama wa kijana. Akavuta kiti, akaketi mbele yao, safari hii mbele ya nyuso zenye macho, akasema maneno yaleyale. Moto, moshi, kichumba cha uani.

Chakula kikatokota. Binti akageukia sufuria, akakoroga kitu kisichohitaji kukorogwa.

"Baba, pale kwetu unapajua," akasema. "Watoto wamejaa, na mume wangu... si mbaya, lakini..."

Mhasibu akatoa simu, akaanza kutelezesha kidole. "Kuna saa, Baba. Unaivaa mkononi. Ukianguka tu, yenyewe inapiga simu. Na kuna jiko linajizima, hili hapa, tazama lilivyo zuri."

"Hiyo saa itampigia nani?"

"Mimi. Au dada."

"Na nani atapokea?"

Mhasibu akakuza ile picha ya jiko kwa vidole viwili, ikajaa kioo chote. Akamshikia baba yake simu karibu na macho, aone vizuri. Mzee akaitazama.

"Ni zuri," akasema.

"Si ndiyo hapo!" Mhasibu akafurahi, akaanza kufungua boksi la kamera mpya.

"Acha kwanza, kaka," binti akasema. "Chakula tayari."

Akatandika mkeka, akapakua, akamnawisha baba yake mikono. Wote watatu wakakaa kuzunguka sinia. Na kwa kuwa ni watoto waliolelewa vizuri, hakuna aliyegusa chakula. Wakatulia, wakamsubiri baba yao aanze.