Mtu wa Nyuma

Katika kikosi maalumu cha walinzi wa pwani, kazi ya Tingatinga ilikuwa kutangulia. Meli ikishukiwa kubeba silaha, yeye ndiye wa kwanza kupanda ngazi ya kamba, na nyuma yake shemeji yake, Mpole, kaka wa mkewe. Masikio ya Tingatinga yalikuwa yamekufa kwa mingurumo ya injini na bunduki. Mpole alilijua hilo, akawa anamsikilizia: akimbana kigimbi, panda, akimvuta mkanda, rudi. Wengine hawakugundua. Walimsikia anavyopayuka wakadhani ndivyo alivyo, wakamtania kwamba hata siri zake anazitangazia bandari nzima.

Ilipokuja amri ya kwenda kwenye bahari ya vita, mke wa Tingatinga alimfuata kaka yake kambini, akakaa kwenye benchi la stoo ya maboya, mkoba mapajani. Hakulia. Alisema huko si kukamata wavuvi haramu, huko watu wanapigwa risasi.

"Kaka, kawaambie hasikii. Wewe watakuamini."

Mpole akaenda. Kamanda alimsikiliza huku akifunga kamba za buti, akasema watu hawatoshi, na kama miaka yote wamepanda pamoja, basi wapande tena. Kwisha.

Habari haikukaa. Jioni ile ile Tingatinga alimkuta Mpole akikunja ngazi. Safari hii hakupayuka.

"Umeniuza, shemeji."

Mpole akaanza kueleza, polepole, midomo wazi. Tingatinga akageuza uso ili asiyaone maneno.

Akaomba abadilishiwe mtu wa nyuma. Kamanda hakuwa na muda wa ugomvi wa mashemeji, akamkubalia. Mpole alimfuata yule mpya, akamfundisha ile ya kigimbi na mkanda. Yule akaitikia sawa, sawa, kama mtu anayeelekezwa njia ya kwao.

Huko vitani, kwenye meli moja iliyojaa kutu, Tingatinga alikuwa keshashika ukingo wa juu mlango wa sitaha ulipofunguka, bunduki ikachungulia. Boti nzima ikapiga kelele arudi. Mtu wa nyuma naye akapiga kelele, kwa nguvu zake zote, mikono yote miwili imeng'ang'ania ngazi. Mpole alikuwa wa mwisho, chini kabisa.

Tingatinga akaendelea kupanda.

Maofisa walipofika nyumbani na Mpole, dada yake hakuwatazama wao.

"Ulikuwa nyuma yake?"

Mpole akatikisa kichwa. Dada akarudi ndani, akasukuma mlango.