Hopefully ya Daktari

Kazi yangu hospitalini ni ukalimani. Daktari wa upasuaji ni mgeni, Kiswahili hakijui, kwa hiyo mdomo wangu ni wa kukodi: akisema, nasema. Miaka sita sasa. Neno lake moja nalijua kuliko anavyolijua mwenyewe: hopefully. Kamusi itakwambia ni kutumaini kwamba mambo yatakuwa mazuri. Thubutu! Kamusi imelala wodini lini? Daktari akiwa na uhakika, anasema utatembea Jumatatu, basi. Akisema hopefully, anatazama faili, wewe hakutazami, na mara nyingi tunaishia pabaya.

Mimi huwa nalimeza. Nawaambia wagonjwa, "Utapona." Wanataka kutiwa moyo, nami nawatia. Sikuona kosa langu liko wapi.

Sasa aliyelala ni shangazi yangu, fundi cherehani aliyenilea. Kidonda cha sukari kimeula mguu wake wa kulia hadi kifundoni. Daktari alisema wamkate mguu leo, au wajaribu dawa wiki moja zaidi, na hopefully mguu utabaki. Akatazama faili.

"Kasemaje?" shangazi akauliza. "Usinizungushe, we mtoto. Bila mguu huu, cherehani nitaikanyaga kwa pua?"

Nikajichekesha. "Anasema dawa zipo, shangazi. Utapona."

Akanionyesha kwa kidevu kitanda cha dirishani, kitupu, kimetandikwa shuka safi.

"Mwenzangu yule ulimwambia hivyohivyo Jumanne, nikikusikia. Daktari alitaja lilelile neno lake la hopu-hopu. Jana wamemtoa kafunikwa gubigubi." Akanishika mkono. "Ulikuwa unajua?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Nilikuwa najua, shangazi."

"Alikataa kukatwa mguu kwa sababu yako. Alikuwa na watoto wanne."

Machozi yalinitoka hapohapo mbele ya daktari, naye akauliza kulikoni.

"Usilie, fanya kazi," shangazi akasema. Sauti yake ilitetemeka, lakini macho yalikuwa makavu. "Mwambie akate."

Nikamwambia.

"Na mwambie nikitoka huko anitafutie mkalimani mwingine."

Hilo nalo nikalitafsiri, neno kwa neno.